Upande wa Dirisha

Sifa zote ni za Mungu, aliye juu kuliko vilele vyote vya nchi hii yetu ya baridi, na ambaye hata hivyo huinama kumtazama mama anayefagia. Amenipa miaka mingi kuliko niliyoomba, na katika watu alionikutanisha nao yumo mmoja ambaye nisipomwandika nitaona nimekula ndizi zake bure. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kwanza, ndipo nisimulie.

Tulimwita Mama Mnara. Kazi yake ilikuwa kufagia kanisa la mawe lililojengwa enzi za Wajerumani huko kusini mwa Mbeya, kwenye miteremko ya mlima Rungwe, na kushika ufunguo wa mnara wake. Katika miaka ile ya hamsini watu wengi walikuja kulitazama kanisa lile: Wazungu waliosafiri kwa magari kutoka kusini, Wahindi wa Mbeya mjini na familia zao siku za sikukuu, wanafunzi, walimu, waumini wa makanisa ya mbali. Wote walitaka kupanda mnara. Yeye ndiye aliyewafungulia mlango, akawaamuru wafute matope miguuni, akawangoja chini mpaka waliposhuka. Yeye mwenyewe hakuwa amepanda hata siku moja.

Nitasema sababu mapema, ili msomaji asihangaike kama nilivyohangaika mimi. Juu, kwenye sakafu iliyo chini ya kengele, palikuwa na benchi la watu wawili. Mumewe, aliyekuwa mpiga kengele, alilichonga kwa mkono wake mwaka ule walipofunga ndoa. Wakati huo kamba ya kengele ilikuwa fupi na mpigaji ilimbidi kupanda. Basi aliona vema jioni akimaliza kazi akae na mkewe kule juu watazame nchi, yeye upande wa mlango, mkewe upande wa dirisha. Alichosahau ni kwamba dirisha lile lilitazama moja kwa moja kwenye ua wa baba yake. Na kwa Wanyakyusa wa wakati ule mke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hakai alipo. Akimwona njiani huingia kwenye migomba akajifunika uso mpaka mzee apite. Kukaa juu ya kichwa cha mkwe na kumtazama uani kwake kama mtu anavyotazama kuku ni jambo ambalo lisingemjia mtu yeyote akilini, isipokuwa kijana mmoja aliyekuwa na mapenzi mengi na mbao nzuri.

Mume akafa, benchi likabaki. Baba mkwe akaendelea kuishi.

Mara ya kwanza nilimwona nikiwa mtalii. Mimi ni Mhehe wa Kilolo, nilikuwa mwalimu kijana Iringa, na likizo moja sisi walimu wa kike wachache tulipanda basi hadi Mbeya, tukalala kwa ndugu wa mmoja wetu, kisha tukapata nafasi kwenye lori la wapanda kahawa. Tulikuwa tumesikia kwamba kutoka kwenye mnara ule, siku isiyo na ukungu, mtu anaona ziwa Nyasa.

Alitazama viatu vyetu kabla ya nyuso zetu. Akatupatia kijiti cha kukwangulia matope, akasimama mikono kiunoni mpaka aliporidhika. Ufunguo ulikuwa wa chuma, mkubwa kama mwiko wa ugali, umefungwa kwa kamba ya mgomba kiunoni mwake.

"Ngazi ni za mbao," alisema. "Shikeni ukuta, kamba msiiguse. Juu mtakuta benchi. Kaeni upande wa mlango. Upande wa dirisha una mwenyewe."

Mwenzangu mmoja, mcheshi, akamwuliza huyo mwenyewe yuko wapi.

"Anafagia," alisema, akaokota ufagio wake.

Tulicheka, tukidhani ni mzaha. Tulipofika juu kweli tulilikuta benchi, jeusi kwa kupakwa mafuta, na upande wa mlango ulikuwa umelika kidogo kwa kukaliwa, upande wa pili ubao uko kamili kama uliochongwa jana. Hakuna aliyethubutu kuukalia. Ziwa hatukuliona, ukungu ulikuwa mzito. Tuliposhuka hakutuuliza kama tumeona ziwa. Alituuliza kama mvua inaingia dirishani na kama benchi lina unyevu.

Miaka miwili baadaye nilihamishiwa shule ya misheni ileile, nikapewa nyumba nyuma ya kanisa, na Mama Mnara akawa jirani yangu. Alinipokea kwa kumfungia mbwa wake ndani. Kila niliposogea kwake alimwita mbwa yule kwa sauti ya huruma, akasema, "Njoo ndani mwanangu, Mhehe anapita." Mhehe yeyote ameuzoea utani huo wa kwamba tunakula mbwa. Mimi nami nilimjibu kwamba nimekuja kutafuta chakula cha mtu mzima, maana ndizi ni za watoto na wagonjwa. Basi alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia niingie nile chakula cha wagonjwa. Tangu siku ile, kila nilipojisikia mpweke nilienda kwake kumenya ndizi.

Alikuwa na mkono mzito na sikio jepesi. Ufagio wake ulisikika tangu shuleni. Jumamosi alihamisha mabenchi yote ya kanisa upande mmoja, akafagia, akayahamishia upande wa pili, akafagia tena, na hakutaka kusaidiwa kwa kuwa, alisema, msaidizi huongea. Lakini huku akifagia alijua nani amepita nje na anakwenda wapi, kwa kusikia hatua tu. Wageni aliwajua kwa namna wanavyoshuka ngazi. Alisema Mzungu hupanda kama mbuzi na kushuka kama kinyonga, akitanguliza kisogo, ameshika kila kitu. Mhindi hushuka akiita watoto wake. Sisi walimu, alisema, tunashuka tukiendelea kufundisha.

Kwa kuwa hakuweza kupanda, alitumia miguu ya wageni. Aliyempendeza alimpa kitambaa na kichupa cha mafuta ya nyonyo, akamwomba akifika juu amfutie benchi. Alitazama sana kabla ya kumchagua mtu. Watu wenye haraka hakuwapa, wala wanaoongea kwa sauti kanisani. Siku moja alimpa Mzungu mmoja mzee, mwenye kofia ya jua na goti bovu. Yule bwana alikaa juu muda mrefu mpaka mkewe akaanza kumwita. Aliposhuka mikono yake ilikuwa na mafuta hadi viwikoni. Alimwambia mchungaji wetu kwamba desturi hii ya kanisa lenu ni nzuri mno, mgeni kuanza kwa kufanya kazi kabla ya kutazama. Mchungaji hakuwa na habari ya desturi yoyote. Alimtazama Mama Mnara, naye akawa anatazama paa.

Alikuwepo pia mfanyabiashara Mwislamu wa Mbeya mjini, mtu mwenye asili ya pwani, aliyekuja huku kununua mchele na maharage. Yeye alivua makubazi mlangoni bila kuambiwa, na Mama Mnara akampenda papo hapo. Akampa kitambaa. Alipoambiwa upande wa dirisha una mwenyewe hakuuliza lolote. Aliposhuka akamwambia, "Mama, nimekaa pale uliponiruhusu. Pale pengine nimepafuta na kupatolea salamu." Kila alipopita misimu iliyofuata alipanda kwanza kupaka mafuta, ndipo aende kwenye biashara yake. Niliwahi kumsikia Mama Mnara akimwombea kwa jina katika ibada ya wanawake, na mama mmoja alipoguna, yeye aliongeza sauti.

Hapo niseme juu ya imani yake, kwa sababu wengi waliona ina mgongano. Alikuwa Mkristo kamili. Mwiko wowote uliomtesa mtu aliupiga vita. Palikuwa na msichana aliyeolewa karibu nasi, mjamzito, ambaye wakwe zake walimkataza mayai. Mama Mnara alimpelekea mayai yaliyochemshwa ndani ya kikapu cha mahindi, akakaa mlangoni mpaka yameliwa, akaondoka na maganda. Aliwaambia wanawake kwamba Bwana Yesu hakufufuka ili wao waendelee kuogopa mayai. Lakini mtu huyohuyo, akisikia fimbo ya baba mkwe wake kwenye changarawe, aliacha ufagio ulipo akatoka kwa mlango wa sakristia.

Mzee yule alibatizwa uzeeni, akaanza kuja ibadani, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Mama Mnara alitafuta mahali nyuma ya nguzo ambapo kutoka upande wa wanaume haonekani, naye haoni zaidi ya madhabahu. Alikaa pale kila Jumapili. Chokaa ya nguzo ile ilikuwa imetoka mahali bega lake lilipoegemea, na kila walipopaka chokaa upya ilitoka tena. Mchungaji alijaribu kuzungumza naye. Alimweleza kwamba katika Kristo sisi ni ndugu, kwamba hata mzee mwenyewe sasa ni ndugu yake. Mama Mnara alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba mayai yalikuwa ya woga na hili si la woga. "Bwana amenikataza kuogopa," alisema. "Hajanikataza kuheshimu."

Mimi pia nilikuwa na maswali yangu ya kijana. Siku moja tukimenya ndizi nilimwuliza kama hamchukii mzee yule, ambaye kwa kuishi kwake tu anamnyima kiti chake. Aliniacha nikamaliza ndizi niliyoshika. Kisha akaniambia nitazame kikapu.

Kikapu kile nilikuwa nakiona kila siku bila kukiona. Jioni alipopika alitoa kwanza sehemu ya mzee, akaifunika kwa jani ndani ya kikapu hicho, akamtuma mtu yeyote aliyekuwa akipita akipeleke uani kwa mkwe wake. Kikapu hakikurudi kitupu. Kilirudi na mafungu ya majani ya maboga, au kuni kavu mbili zilizopasuliwa vizuri, au ndizi mbivu moja. Msimu wa baridi kali kilirudi na makaa yenye moto kwenye kigae, kwa kuwa mzee alijua jiko la Mama Mnara linatoa moshi na halikolei. Chumvi ikizidi kikapu kilirudi na boga, maana boga halina chumvi. Mama Mnara alipougua malaria na chakula kikapikwa na mwingine, mzee alikirudisha chakula kilekile hakijaguswa, na juu yake maganda ya mti wa dawa. Walikuwa wamesemezana namna hiyo tangu aolewe. Hakuujua uso wa mzee vizuri, alinieleza, ila anajua anapenda nini, anaumwa wapi, na lini amemkumbuka mwanawe, kwa sababu siku hizo hali chochote ila maziwa.

"Huyu ndiye aliyebaki," alisema. "Nimkalie kichwani?"

Juu ya mumewe aliongea kwa nadra, na kwa kawaida ilikuwa kumsema. Alisema alikuwa mtu wa kutia chumvi. Kila jioni alishuka mnarani na habari: leo ameona moshi wa meli ziwani, leo ameona tembo, leo ameona Nyasaland yote. Mke alimjibu kwamba aliyeona yote hayo hakuona ua wa baba yake. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa wiki ile benchi lilipokamilika. Alilijengea kulekule juu, ubao mmoja mmoja, kwa siri. Kisha akamwalika mkewe apande. Naye alisimama kwenye ngazi ya kwanza, akauliza dirisha linatazama wapi, akashuka. Siku kadhaa zikapita. Kisha kijana yule akamwambia hatalihamisha benchi, kwa kuwa upande mwingine hauna ziwa, ila ataiacha nafasi yake na hataikalia mtu. Basi yeye alikaa upande wa mlango jioni zote za maisha yake, na sehemu ya pili akaiacha. Alipofariki kamba ikarefushwa ili kengele ipigwe kutoka chini, na Mama Mnara akaomba ufunguo.

Hakulalamika. Ila mara moja moja, wageni walipokuwa juu na sauti zao zikishuka, nilimwona ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya kwanza, ufagio mkononi, kama mtu anayefagia, lakini ufagio hauendi.

Baadaye nilirudishwa Iringa, nikaolewa, nikawa na mambo yangu. Nilikwenda kumwona kila nilipopata likizo na nauli. Mara ya mwisho nilikuwa tena mgeni kama siku ya kwanza, na kwa mara ya kwanza nilikuta mlango wa mnara umefungwa kwa ubao. Tetemeko lilikuwa limepita. Nchi ile hutikisika mara kwa mara na watu hawashtuki sana, lakini safari hii ufa ulionekana kutoka chini ya dirisha hadi karibu na paa. Fundi alikuja akagonga mawe, akashauri kengele ishushwe baada ya mavuno na kuning'inizwa nje kwenye magogo, na mlango wa mnara uzibwe kabisa kwa mawe. Mpaka siku hiyo kengele ipigwe polepole, na watalii wasipande. Mmoja mmoja, mwenye kazi, angeweza.

Wazee wa kanisa walimkumbuka Mama Mnara, kwa haki niseme hivyo. Walimwambia benchi litashushwa awe nalo nyumbani. Lakini fundi alipopima aliona halipiti kwenye ngazi. Lilikuwa limezaliwa kule juu. Ingelazimu kulikata katikati. Walimwuliza kama likatwe.

Alikataa. Akaenda zake kufagia. Nilipofika alikuwa amekonda, mbwa amekufa, akaniambia sasa niko huru kupita. Hatukucheka sana. Jioni hiyo nilimwambia wazi kwamba muda umebaki mdogo na kwamba, kama ni kupanda, apande sasa. Alisema mzee bado ana macho mazuri kuliko yake.

Kesho yake asubuhi mzee aliniita.

Nilimkuta kwenye kigoda chake uani, kofia kuukuu kichwani, fimbo kati ya magoti. Alikuwa mdogo sana kwa uzee. Nilipiga magoti nikamwamkia kwa Kinyakyusa changu kibovu, naye akaniitikia kwa Kihehe, "Kamwene," ili tuwe sawa. Kisha akaniambia kwamba amesikia habari ya mnara. Alisema mwanawe alikuwa fundi mzuri wa mbao lakini hakuwa mtu wa kutazama pande zote. Alisema hayo kwa upole, akitazama dirisha lile juu yetu, ambalo bila shaka alikuwa amelitazama kila siku tangu lilipowekewa benchi.

"Keshokutwa vijana watanipeleka kule," alisema, akanyoosha fimbo kuelekea bega la mlima, juu ya kanisa, palipopandwa miti ya misindano.

"Kuna nini kule, tata?"

"Kuna juu," alisema. "Kule ni juu kuliko mnara."

Niliinamisha uso kwa sababu nilianza kuelewa. Akaendelea, bila kumtaja, kama ilivyo adabu. Aliniambia nimweleze mama yule wa kanisani kwamba keshokutwa asubuhi kigoda hiki kitakuwa kimegeuzwa miguu juu. Kigoda kikigeuzwa, mwenye nyumba hayupo. Naye akiwa kule kwenye misindano atakaa ametazama mlima, mgongo kwa kanisa, mpaka mambo yaishe.

Vijana wenyewe walikuwa wapwa zake wawili, watu wazima wenye watoto, na walipoambiwa kwamba watambeba mzee kwa machela kupanda mlima asubuhi ya baridi, walinung'unika kiasi. Mmoja alimwuliza mjomba anafuata nini kule, hakuna hata kilabu. Mzee akamjibu kwamba ndiyo maana anawachukua wao wawili, wamfuate mahali pasipo na kilabu walau mara moja kabla hajafa. Wakacheka, wakaenda kutafuta miti ya machela.

Nilimkuta Mama Mnara akimenya. Nilimweleza yote, neno kwa neno, kadiri nilivyoweza. Kisu kilisimama. Nilidhani atalia, au atakataa. Alitazama mlima mlangoni, akakadiria.

"Atapata baridi," alisema.

Akainuka, akaingia chumbani, nikamsikia akifungua sanduku. Alirudi na blanketi zito la kijivu lenye harufu ya majani makavu. Lilikuwa la marehemu.

"Mpelekee. Usiseme limetoka wapi."

"Atajua, mama."

"Ajue. Wewe usiseme."

Siku yenyewe ilipofika haikuwa Jumamosi, lakini alilifagia kanisa lote kwanza. Nilisimama nje nikaona machela ikipanda taratibu kwenye njia ya misindano, blanketi la kijivu limening'inia pembeni, mpaka ikaingia kati ya miti na kutoka tena juu yake. Waliiweka chini. Nikaona wamemkalisha, wakamgeuza. Nikaenda kumwambia.

Alivua viatu. Mlango ulipofunguliwa aliweka mguu kwenye ngazi ile ya kwanza, akatulia kama kawaida yake, kisha akaweka wa pili. Nilimfuata nyuma. Alipanda ameshika ukuta, kama alivyowaamuru watu wote, na katikati alisimama mahali ambapo jiwe ni jeusi na laini kwa kushikwa na mkono mmoja miaka mingi. Aliweka kiganja chake pale. Mkono wake ulikuwa mdogo kuliko alama. Nilisubiri, tukaendelea.

Juu palikuwa na mwanga mwingi na ufa ulioruhusu upepo. Benchi liling'aa kwa mafuta ya wageni wote wale. Alilipita kwanza, akasogea dirishani akiwa amejifunika kanga kichwani, akatazama chini kwa jicho moja kama mtoto anayechungulia. Ua ulikuwa umefagiwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Katikati, peke yake, kigoda kiligeuzwa miguu juu.

Ndipo akashusha kanga mabegani, akageuka, akakaa upande wa dirisha.

Asubuhi ile Mungu alikuwa ameondoa ukungu. Chini yetu migomba, kisha mashamba ya chai na kahawa, kisha vilima vikizidi kuwa vya buluu, na mwisho kabisa, mahali ambapo nilitazama mara nyingi nikiwa mwalimu wa pale nikaona mvuke tu, kulikuwa na ukanda mwembamba unaong'aa.

"Alisema linaonekana kama kanga iliyoanikwa," alisema. "Nikamwambia anatia chumvi."

Aliweka mkono kwenye ubao ulio kando yake, kwenye kile kishimo cha kukaliwa, akaupitisha polepole kama anayefuta vumbi. Vumbi halikuwepo. Mimi nilibaki karibu na ngazi. Pana mahali mgeni anapaswa kusimama, nami nilikuwa nimefundishwa na yeye mwenyewe.

Sijui tulikaa kiasi gani. Ni yeye aliyekumbuka. Alisema upepo umegeuka, na kule kwenye misindano lazima unapuliza usoni kwa mzee. Nikamwambia nitashuka nimtume mtu akawaambie vijana wamlete. Akatikisa kichwa. Aliinuka, akajifunika kanga tena vizuri, akageuza uso wake mbali na mlima. Akaishika ile kamba aliyowakataza watu wote kuigusa, akaivuta mara moja, kwa upole, kama fundi alivyoagiza.

Kengele ililia juu ya vichwa vyetu, moja tu, ikatembea juu ya paa na migomba mpaka mlimani. Tulishuka. Nilifunga mlango nyuma yake, naye akaufunga ufunguo kiunoni, akashika ufagio.

Wapwa wa mzee walinisimulia baadaye jioni ile, wakiwa bado wanasugua mabega. Mzee alikaa muda wote amefunikwa blanketi, mgongo kwa kanisa, na walipomwuliza kama wamgeuze walau aone kwake kutoka juu, alikataa. Kengele iliposikika aliwanyamazisha kwa mkono. Alisubiri mpaka mlio ulipokwisha kabisa kwenye miamba. Kisha akavua kofia.

"Mkwe wangu amenisalimia," aliwaambia. "Nishusheni."

Jioni hiyo kikapu kilikwenda na kurudi kama siku zote. Ndani yake kulikuwa na kijiti cha msindano, kibichi, chenye harufu kali. Blanketi halikurudi, na Mama Mnara hakuliulizia. Nilirudi Iringa kesho yake. Baada ya mavuno walishusha kengele na kuziba mlango kwa mawe, na benchi likabaki ndani, mahali lilipozaliwa. Nikiomba, mara nyingine huliona akilini likiwa upande mmoja umelika, na sasa nadhani upande wa dirisha pia una alama ndogo, ya asubuhi moja.

Na wewe uliyeketi nami mpaka hapa, Bwana akupe mtu wa kukutunzia nafasi hata usipoweza kuifikia, akupe na mtu atakayekubali baridi ya mlimani ili wewe upande bila kumkosea heshima yeyote. Akuondolee ukungu siku utakayofika juu, uone alichokuahidi. Amina.